Bakodi ya pinati bata yangu inaleta kava ya simu ya mtu mwingine, nifanyeje?

MamaNjugu_Kondele (Kisumu)
Habari zenu wadau. Mimi nasaga njugu hapa Kondele, natengeneza pinati bata saizi tatu, gramu 250, 400 na 800. Kwa supamaketi za huku town haina shida, keshia anaskani, mashini inalia, bei inatokea, mambo yameisha. Sasa nimeanza kuiweka kwa soko la mtandaoni, nimejaza kila kitu, picha, uzito, jina la kampuni, lakini nikifika tu kwa namba ya bakodi inakataa, ati hiyo namba tayari iko na bidhaa nyingine, nikifungua hiyo bidhaa napata ni kava ya simu ya plastiki rangi ya pinki 😩 Huduma kwa wateja nimewaandikia mpaka nimechoka, jibu ni lilelile, "hakikisha namba ni sahihi". Namba ni sahihi jamani, nimeisoma na kidole, moja moja. Inaanza na 07. Nilipewa na jamaa aliyenichapia lebo, akasema iko ndani ya bei. Na lebo ziko nyingi kwa stoo. Kuna njia ya kuwabishia hawa watu?

StoKipa_Nax
Pole mama, lakini hapo usibishane nao, kwa sababu wako sawa. Ile kompyuta ya supamaketi inajua tu kile walichoilisha wenyewe, ukiwapa namba yoyote wataandika "pinati bata" na itafanya kazi. Soko la mtandaoni katalogi ni moja kwa wauzaji wote, namba moja bidhaa moja, aliyetangulia kuisajili ndiye inamtambua.

Ingia kwa tovuti ya GS1, hao ndio shirika la dunia linalogawa namba za bakodi, kuna sehemu inaitwa Verified by GS1, weka hiyo namba uone kampuni gani inatokea, ni bure. Nabet haitakuwa yako. Namba za kuanza na 0 nyingi ni za mfumo wa Marekani. Kuna kampuni za huko zilipata mafungu ya namba kabla ya 2002, zikabaki nazo, watu wakaanza kuziuza rejareja kwa intaneti, na wauzaji wengine hawana haya, namba ileile wanauzia watu kadhaa. Huyo fundi wa lebo pengine alinunua huko, ama alikopi tu kwa kitu kilichokuwa mezani kwake, wako hivyo. Yako unaichukua GS1 Kenya kwa jina la kampuni yako, itaanza na 616. Na usichanganye hii na kibali cha KEBS, wale wa viwango vya ubora, hao ni watu tofauti kabisa.

Odijo_wa_Spea
Nakubaliana na StoKipa ila niongeze kitu. Watu hudhani 616 ni alama ya "imetengenezwa Kenya". Hapana. Inaonyesha tu kampuni ilichukulia namba GS1 ya Kenya, bidhaa yenyewe inaweza kuwa imetoka China.

Pia kabla hujalipa popote angalia fomu yako ya Excel. Hiyo kitu inakula sifuri ya mbele, namba ya tarakimu 12 inabaki 11, na zile za 13 inazigeuza inaandika 6.16E+12, unaaploudi takataka halafu unalaumu soko. Fomati kolamu iwe Text KABLA ya kupaste, ukifanya baadaye umechelewa.

Ukitaka kujua kama namba ina kosa la kuchapa, tarakimu ya mwisho ndiyo askari. Kwa EAN ya 13, yaani bakodi ya tarakimu 13, chukua zile 12 za kwanza, zidisha kwa 1, 3, 1, 3 ukienda hivyo kutoka kushoto, jumlisha, kinachobaki kufika kumi inayofuata ndiyo tarakimu ya 13. Mfano 200000000001, ni 2 mara 1, sifuri zote hazina kitu, ya mwisho 1 mara 3, jumla 5, kufika 10 bado 5, kwa hivyo inakuwa 2000000000015. Nimetumia 20 makusudi, hizo ni za matumizi ya ndani ya duka, zile za nyama na ndizi zilizopimwa kilo, usizipeleke mtandaoni.

Lakini ikipita hiyo hesabu si kwamba ni yako, ni kwamba imeandikwa vizuri tu.

Kikapu_Dunga
Na sisi wa vikapu vya hayasinthi? Kila kikapu na bakodi yake si tutafilisika

StoKipa_Nax
@Kikapu_Dunga masoko mengine kama Amazon yana ruhusa ya kuuza bila bakodi kwa vitu vya mkono na visivyo na chapa, unaiomba kabla hujalisti. Omba hiyo, wacha kununua namba.

MamaNjugu_Kondele (Kisumu)
Nimeangalia, imetokea kampuni ya Marekani siijui mbele wala nyuma. Haya, naenda GS1. Sasa saizi zangu tatu zote zina namba moja, hiyo pia ni shida? Na lebo za zamani nizichome?

StoKipa_Nax
Ni shida ndio, gramu 250 namba yake, 400 yake, 800 yake, na ukifunga tatu pamoja ziuzwe kama pakiti moja hiyo pia inataka yake. La sivyo mtu ataoda ya 800 apelekewe ya 250, nyota moja. Lebo usichome mama, chapisha stika ndogo nyeupe za bakodi mpya ubandike juu, ila ifunike ya zamani YOTE, ukiacha mistari inachungulia pembeni mashini inaweza kusoma ile mbaya. Bandika pahali pamelala sawa, si kwa kona ya chupa. Na uwapigie supamaketi waingize hizo namba mpya kwa sistemu yao kabla hujapeleka mzigo, maana keshia akiskani iseme "haipo" watakurudishia katoni zote.

Odijo_wa_Spea
Na hiyo ya 800 inafika Nakuru bei gani 😋

MamaNjugu_Kondele (Kisumu)
@Odijo njoo inbox