Matokeo ya ubunge Lang'ata na Kibra, 1992–2022: jedwali moja au mawili?

MdodosiKura
Wadau, hamjambo. Naandaa jedwali la matokeo ya ubunge Lang'ata na Kibra, maeneo bunge ya Nairobi, kuanzia 1992 hadi 2022: mshindi, chama, kura alizopata na asilimia ya waliojitokeza. Nimekwama mahali patatu. Mwaka 1997 orodha moja inampa Raila ushindi mara mbili, nyingine mara moja. Kuanzia 2013 Lang'ata inapungua ghafla na Kibra inazuka. Je, nikizijumlisha hizo mbili napata Lang'ata ya zamani? Halafu fomu zenyewe za matokeo: za urais naziona mtandaoni, za ubunge sizipati.

Karani Mstaafu
Orodha yenye ushindi mara mbili ndiyo sahihi. Raila alichaguliwa Desemba 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya, akachukua kiti kilichokuwa cha Philip Leakey. Tarehe 31 Desemba 1996 akahama akaingia chama cha NDP. Katiba ya zamani, kifungu cha 40, ilisema mbunge akikihama chama kilichomdhamini anapoteza kiti. Sheria hiyo ilitungwa 1966 kuwabana wabunge waliomfuata Jaramogi Odinga, babake Raila, kwenye chama cha KPU, sasa ikamkuta mwanawe. Uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 1997, akashinda kwa NDP. Kisha uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huohuo, akashinda tena kwa NDP. Weka mistari miwili ya 1997 na wa kwanza uuandike "mdogo", la sivyo atakayelisoma jedwali atadhani umerudia kimakosa.

Safu ya chama ina mtego mwingine. Machi 2002 NDP iliungana na KANU, na miezi michache baadaye Raila akatoka akaenda LDP, akagombea Desemba 2002 chini ya NARC. Hapo usihangaike kutafuta uchaguzi mdogo, haukuwepo. Chama chenyewe ndicho kilichojivunja kikaingia kingine, na alipotoka KANU bunge lilikuwa linafikia ukingoni. Chama unachoandika ni kile kilichokuwa kwenye karatasi ya kura siku ile, si kile alichokuwa nacho mbunge katikati ya muhula. Kwa hiyo: 1992 FORD-Kenya, 1997 NDP (mara mbili), 2002 NARC, 2007 ODM.

Mstari wa 2007 naomba uuwekee maelezo. Wakati ule katiba ilimtaka rais awe pia mbunge aliyechaguliwa. Mgombea urais akianguka kwenye eneo bunge lake, kura za nchi nzima hazimsaidii. Ndiyo maana kiti cha Lang'ata, ambapo Stanley Livondo wa PNU alipambana na Raila aliyekuwa pia akigombea urais, kilifuatiliwa kuliko viti vingi. Katiba ya 2010 iliondoa sharti hilo, na 2013 Raila hakutetea kiti.

Ukishawishika kurudi nyuma ya 1992, jiandae. Mwangi Mathai alishinda 1974 na Leakey 1979, lakini wagombea wote walikuwa KANU, kwa hiyo safu ya chama haisemi chochote. Na 1988 ni mlolongo: wanachama walipanga foleni nyuma ya mgombea wao, na aliyevuka asilimia 70 kwenye mchujo alitangazwa mbunge bila kura ya siri. Takwimu za mwaka ule hazilinganishwi na za mwaka mwingine wowote.

Ramani_Nairobi
Kuhusu kujumlisha: hapana, usijumlishe. Hadi 2007 Nairobi ilikuwa na maeneo bunge 8. Katika mipaka ya 2012 yakawa 17, na ya nchi nzima yakatoka 210 hadi 290. Watu husema "Lang'ata iligawanywa vipande viwili" na kuishia hapo, ila mistari haikufuata ukuta wa zamani. Wadi ya Kenyatta/Golf Course ilikuwa upande wa Dagoretti. Leo Woodley/Kenyatta Golf Course ni wadi ya Kibra. Ukijumlisha Kibra na Lang'ata za 2013 umeshaingiza watu ambao 2007 walikuwa wakipiga kura kwingine.

Kibra ni eneo bunge nambari 278: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe, wadi 1386 hadi 1390. Lang'ata ni 277: Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise, wadi 1381 hadi 1385. Hizi nambari zishike, zina kazi. Msimbo wa kituo cha IEBC (tume ya uchaguzi) ni tarakimu 15: kaunti 3 (Nairobi ni 047), eneo bunge 3, wadi 4, eneo la kupigia kura 3, kisha kituo 2. Ukipanga data kwa msimbo badala ya jina huathiriki na "Langata", "Lang'ata", "Kibera" na "Kibra" kuandikwa ovyo. Angalia tu programu isikuibie sufuri ya mwanzo. Safu hiyo iwe maandishi, si namba.

Chora mstari mzito kati ya 2007 na 2013, uwe na majedwali mawili baada yake. Lang'ata: Joash Olum wa ODM 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, Felix Odiwuor (Jalang'o) wa ODM 2022, aliyempita Korir kwa kura zisizofika 2,000. Kibra: Ken Okoth wa ODM 2013 na 2017, Imran Okoth wa ODM kwenye uchaguzi mdogo wa 2019, Peter Orero wa ODM 2022. Tazama tofauti: upande mmoja kiti kinabadilisha chama, upande wa pili hakijatoka ODM. Ukizijumlisha, jambo hilo linafutika kabisa, na kwangu ndilo kubwa zaidi katika historia nzima ya eneo hili.

Hesabu Kwanza
Naongeza kuhusu asilimia, maana hapo ndipo majedwali mengi huharibika.

Chukua Kibra 7 Novemba 2019, baada ya kifo cha Ken Okoth Julai mwaka huo. Waliojiandikisha 118,658. Imran Okoth 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Hao watatu pamoja ni 41,141, sawa na asilimia 34.7 ya sajili. Ukiweka wagombea wengine unazunguka 35. Imran alipata karibu asilimia 60 ya kura za hao watatu, lakini ni asilimia 20.8 tu ya waliojiandikisha. Zote mbili ni kweli. Kosa ni kuandika moja bila kusema umegawanya kwa nini.

Usiiweke 35 hiyo kando ya 2017 ukahitimisha kwamba Kibra imechoka na siasa. Uchaguzi mkuu una karatasi sita, na rais ndiye anayewatoa watu nyumbani. Uchaguzi mdogo una karatasi moja. Na ukifika 2017, marudio ya urais ya 26 Oktoba hayahusu ubunge, usichanganye fomu zake na za 8 Agosti.

Sajili nayo ina hila. Kitaifa ilikuwa takriban milioni 14.2 mwaka 2007, ikashuka hadi milioni 12.6 mwaka 2010, ikarudi milioni 14.3 ilipoandikwa upya kwa alama za vidole mwishoni mwa 2012. Watu hawakuhama nchi. Ile ya 2007 ilijaa majina ya marehemu. Kwa hiyo asilimia ya 2007 inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa kweli.

Kwenye fomu, tofautisha kura iliyoharibika na kura iliyokataliwa. Iliyoharibika mpiga kura alikosea akairudisha, akapewa karatasi nyingine, haikuingia sandukuni. Iliyokataliwa iliingia lakini haikuhesabiwa kwa yeyote. Waliojitokeza ni kura halali pamoja na zilizokataliwa. Asilimia ya mgombea hugawanywa kwa kura halali pekee.

MdodosiKura
Asanteni sana. Hilo la wadi ya Golf Course sikulijua kabisa. Nimeona pia Mariga alikataliwa kwanza 2019. Ilikuwaje? Na fomu je?

Karani Mstaafu
Msimamizi wa uchaguzi alisema jina lake halimo kwenye sajili. Kamati ya IEBC ya kutatua mizozo ikamwidhinisha Septemba. Kumbuka katiba inamtaka mgombea ubunge awe mpiga kura aliyesajiliwa, haisemi asajiliwe ndani ya eneo bunge analogombea.

Fomu unazotaka, kuanzia 2017, ni 35A ya kila kituo na 35B ya eneo bunge zima. Zile 34 ni za urais. Andikia IEBC ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria inaruhusu uandike kwa Kiswahili, na wana siku 21 za kujibu. Taja tarehe ya uchaguzi, nambari 278 au 277, na useme unataka 35B kwanza. Ukiomba 35A zote kwa mkupuo, kumbuka kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo Kibra peke yake ni zaidi ya fomu 160, na gharama ya nakala ni yako. Karatasi za kura usiziombe, huhifadhiwa miaka 3 tu.

Kwa 1992 hadi 2007 fomu hizo hutazipata kwa njia hiyo. Anza na Gazeti Rasmi la Serikali kwa majina ya washindi, kisha magazeti ya wiki ile pale Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue. Tafuta toleo la siku ya tatu au ya nne baada ya kura. Yale ya kesho yake yana matokeo ya muda, na ndiyo yanayonakiliwa zaidi.