Tupeane uzoefu: uliyewahi kujua ndotoni kwamba unaota, ilikuwaje?

Mwanzilishi wa mada (Tudor)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote mlioko Mombasa, kisiwani na ng'ambo zake.

Nimefungua mada hii kwa sababu ya jambo lililonipata Ramadhani iliyopita, ambalo sijapata kulizungumza barazani kwa kuchelea kutoeleweka. Nilikuwa nimekula daku, nikaswali alfajiri, nikarudi kulala. Nikajiona nimesimama Mapembeni, chini ya zile pembe zinazopishana juu ya barabara, na barabara yenyewe ilikuwa haina gari, haina tuktuk, wala mtu wa mkokoteni. Nikasoma ubao wa duka lililokuwa mbele yangu: "Vitambaa na Leso". Nikageuza macho kidogo, na nilipourudia ubao ule herufi zilikuwa zimejipanga upya na hazikuwa tena maneno ya lugha yoyote ninayoijua. Hapo wazo likanijia kwa utulivu, mfano wa mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo: hii ni ndoto, na mimi nimelala chumbani kwangu Tudor.

Kilichofuata ndicho kinachonishinda kukieleza. Kila kitu kilizidi kuwa wazi, kana kwamba kioo cha dirisha kimepanguswa vumbi. Nilishika pembe moja nikahisi ubaridi wa bati na magamba ya rangi iliyobabuka, huku nikijua barabara kwamba mkono wangu halisi uko chini ya shuka. Kisha furaha ikanizidi, nikapiga ukelele, na mji wote ukafifia kama picha iliyoachwa juani. Nikaamka moyo ukinienda mbio. Sidhani kama ilitimia dakika moja.

Tangu hapo nimekuwa nikilisoma jambo hili. Mholanzi Frederik van Eeden, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili, aliandika juu ya ndoto za namna hii mwaka 1913, na karne nyingi kabla yake Aristotle alikwisha kusema kwamba mara nyingi mtu aliyelala huwa na kitu ndani yake kinachomwambia kuwa anachokiona ni ndoto tu. Wanasayansi walikawia kuamini mpaka ulipopatikana ushahidi. Katika usingizi wa ndoto nyingi karibu misuli yote ya mwili hulegea kabisa, isipokuwa ile ya kupumua na ya macho, ambayo huendelea kucheza chini ya kope. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley, mtu aliyezoea kujitambua ndotoni, kwamba Worsley atakapojitambua ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Worsley akafanya hivyo hali vipimo vikionyesha kwamba amelala fofofo. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akafanya utafiti wa namna hiyo bila kutegemea ule wa Hull, na akachapisha matokeo yake mwaka 1981.

Basi waliopatwa na hali hii waseme ilivyokuwa, na waliojaribu kuitafuta waseme walivyofanya. Naomba tueleze tulichokiona wenyewe.

Mvuvi mstaafu (Likoni)

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi sikujua kwamba jambo hili lina wataalamu wake.

Marehemu baba yangu aliondoka nikiwa kijana wa miaka 19, nami nilikuwa baharini siku aliyozikwa. Miaka mingi nilikuwa nikimwota, na kila nikimwota nilikuwa sikumbuki kwamba amekufa; tunazungumza mambo ya nyavu na bei ya changu, kisha naamka na msiba unaanza upya. Siku moja nikamwota ameketi ukingoni mwa ngalawa akishona wavu. Nikatazama vidole vyake nikaona kwamba uzi hauishi. Anavuta na kuvuta, na wavu haurefuki. Nikajisemea: baba alikwisha kufa, kwa hiyo hapa nimelala.

Nilidhani atatoweka. Hakutoweka. Nikaketi karibu naye, sikumwuliza jambo lolote, kwa kuwa nilijua kwamba majibu yangetoka kichwani mwangu mwenyewe. Nilitazama tu mikono yake. Kulikuwa na kovu la mwiba wa samaki taa kwenye kidole gumba cha kushoto, ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilipomwuliza dada yangu mkubwa kesho yake, akaniambia kwamba kovu hilo alikuwa nalo kweli. Tangu siku hiyo nikimwota siamki nikiwa nimevunjika.

Mwanzilishi wa mada (Tudor)

Shikamoo mzee wangu. Nimeyasoma maneno yako mara tatu. Ninaona wewe ulifaulu pale niliposhindwa mimi, kwa sababu ulitulia. Mwenye kuruka kwa furaha huamka papo hapo, na wote wanaolijua jambo hili wanalisema. Wengine husugua viganja vyao ndotoni, au hugusa ukuta na ardhi, ili hisia za mguso ziwashikilie humo humo.

Mama wa watoto wawili (Majengo)

Langu lilianza kwa hofu. Tangu usichana wangu nimekuwa nikikabwa na jinamizi: naamka, nakiona chumba, nasikia watu wanapita uchochoroni, lakini siwezi kuinua hata kidole, na kifuani nahisi uzito wa mtu aliyenikalia. Bibi yangu alinifundisha kusoma Ayatul Kursi kabla ya kulala na kutolala chali, nami sikuacha, wala sitaacha.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba akili huwa imetangulia kuamka ilhali mwili bado umefungwa na ule ule ulegevu wa usingizi wa ndoto, na ndiyo maana mtu huona na kusikia mambo ya ndotoni akiwa kitandani mwake. Maelezo hayo hayakuondoa jinamizi, lakini yalinipunguzia woga. Siku moja liliponijia sikupigana nalo. Nilipumua polepole, nikaacha mwili ulivyo, nikajiambia: hii ni ndoto iliyokawia kuondoka. Uzito ukapungua, nikahisi ninateremka kama mtu aliye kwenye bembea, na nikajikuta Mama Ngina chini ya mbuyu, alasiri, upepo unapeperusha buibui langu. Nilijua ninaota. Nilitembea tu, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikaila, na ilikuwa na ladha ya ndimu na pilipili kama ile ya kweli. Wenye kukabwa na jinamizi wenzangu, kupigana nalo ndiko kunakolizidisha.

Dereva wa tuktuk (Kisauni)

Mimi naleta tahadhari. Mwaka jana niliambiwa kwamba njia ni kutega saa usiku, kuamka, kisha kulala tena. Nikafanya hivyo kila usiku kwa wiki tatu, mara mbili au tatu kwa usiku mmoja. Ndoto niliipata mara moja tu, nikaruka juu ya Daraja la Nyali nikauona mkono wa bahari chini yangu, na sitaisahau raha yake. Lakini mchana wa siku ya pili nilisinzia nikiwa kwenye usukani karibu na Kongowea, nikakwaruza mkokoteni wa mtu aliyebeba nazi. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mwenye kazi ya kuendesha chombo asiuchezee usingizi wake.

Mwanzilishi wa mada (Tudor)

Kaka, ahsante kwa kulisema hilo wazi. Kuamka mara tatu kila usiku ni kujiumiza, na hakuna haja yake. Ngoja nieleze ninavyolielewa jambo lenyewe, maana hapa ndipo sisi wa Pwani tuna jambo letu.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na mwishoni mwa kila mzunguko kuna kipindi cha ndoto. Vipindi vya mwanzo wa usiku ni vifupi mno. Vya kuelekea asubuhi ndivyo virefu. Anayeamka baada ya saa tano au sita za usingizi, akakaa macho kidogo kisha akalala tena, huingia moja kwa moja katika ndoto ndefu huku akili yake ikiwa bado na mwanga. Sasa tazameni: mtu anayeamka kula daku, au anayeswali alfajiri kisha akajilaza hadi jua lichomoze, anafanya jambo hilo hilo bila kutega saa ya ziada. Ninaamini ndiyo sababu wengi wetu hupata ndoto zilizo wazi kabisa mwezi wa Ramadhani. Atakayejaribu ajaribu siku asiyokuwa na kazi asubuhi, tena mara moja kwa wiki inatosha.

Kabla ya hapo kuna kazi ya mchana. Weka daftari karibu na mto na uandike ndoto mara uamkapo, kabla hujageuka wala kushika simu, kwa sababu ndoto isiyoandikwa huyeyuka katika dakika chache. Baada ya siku kadhaa utaona yanayojirudia: mimi kila mara ni mabao ya maduka na milango isiyofungika. Halafu jizoeze kujiuliza kwa dhati, mara kadhaa kwa siku, kama unaota. Soma maandishi, geuza macho, yasome tena; ya ndotoni hayatulii. Au ziba pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi huingia vile vile. Na unaporudi kulala, ikumbuke ndoto uliyotoka nayo, ujione ndani yake ukitambua kwamba ni ndoto, na unuie: nitakapoota, nitajua. Nia hiyo ndiyo nguzo ya njia ya LaBerge.

Mwenye maradhi ya akili, au anayepata tabu kutofautisha yaliyotokea na aliyoyaota, asijaribu bila kuzungumza na daktari wake.

Mwalimu wa madrasa (Kibokoni)

Nimefuatilia kwa makini. Hadithi inatufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na yale mtu anayojizungumzia nafsini mwake. Kujijua ndotoni sioni kuwa ni kosa, lakini asiichukue mtu kauli aliyoisikia humo akaifanya hukumu juu ya jirani yake. Mzee wa Likoni alifanya uzuri kutouliza.

Mwanafunzi (Changamwe)

Je, muda wa ndotoni ni mfupi kuliko wa kweli?

Mwanzilishi wa mada (Tudor)

Hapana, mdogo wangu. LaBerge aliwaambia waotaji wahesabu sekunde kumi na waonyeshe mwanzo na mwisho kwa macho, na muda ulikaribiana na wa kawaida. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, ulikwenda mbali zaidi: waliolala waliulizwa maswali wakiwa ndotoni, na mmoja wao aliulizwa nane ukitoa sita ni ngapi, akajibu mbili kwa kucheza macho.

Mwanafunzi (Changamwe)

Ninarudi baada ya siku kumi na moja. Leo, Jumapili, baada ya alfajiri, nilijiona kwenye kivuko, watu wamejaa, nami nimebanwa kwenye ukuta wa chuma. Nikakumbuka kuziba pua. Nikaibana kwa nguvu, midomo nimeifumba, na pumzi ikaingia mpaka kifuani, baridi, ina harufu ya chumvi na mafuta ya injini. Sikupiga kelele. Niliuwekea ukuta ule kiganja, nikahisi unatetema, nikasimama hivyo hivyo mpaka kivuko kikagusa ng'ambo.