Dini ya mgonjwa imeandikwa kwenye fomu. Baada ya hapo?

Muuguzi_Zamu: Wadau, fomu ya kumpokea mgonjwa ina kisanduku kimoja tu cha "dini". Kwa mwenye saratani iliyosambaa hakitoshi. Mnauliza nini zaidi, bila kuonekana mnahubiri?

TibaShufaa: Maumivu kwanza. Mwenye maumivu ya 8 kati ya 10 hawezi kuzungumzia imani. Mpe mofini, rudi akishatulia. Vuta pazia, keti, ndugu wapumzike nje kidogo. Kisha maswali manne ya FICA, mwongozo wa Dkt. Christina Puchalski wa kuuliza kuhusu imani ya mgonjwa: nini kinakupa nguvu? Kina uzito gani unapoamua kuhusu matibabu? Nani wa imani yako yuko nawe? Ungependa sisi tufanye nini? Swali la nne ndilo linalorukwa sana, na ndilo lenye kazi ya kufanya.

Mgonjwa akisema "Mungu ananiadhibu", usikimbilie kumwambia "hapana, Mungu ni mwema". Umemfunga mdomo. Nyamaza kidogo, umuulize: "Unaona unaadhibiwa kwa lipi?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Dozi ikipanda na maumivu hayashuki, mpime upya mwili, lakini rudi pia kwenye maneno hayo. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, London mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu yana upande wa mwili, akili, jamii na roho.

Mfamasia_K: Naongeza mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani. Muulize wiki 6 hadi 8 kabla, maana insulini hairekebishwi usiku wa kuamkia mfungo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikizidi 16.6, afungue papo hapo. Wengi huacha kupima mchana wakidhani kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Mwombe azungumze na shehe wake mapema.

Muuguzi_Zamu: Asanteni sana. Na akiomba nisali naye?

TibaShufaa: Akiomba yeye, na moyo wako unaridhia, sali kwa ufupi, kwa njia yake. Usianzishe wewe. Kama huwezi, keti kimya pale au mwitie kiongozi wa dini anayemtaka, lakini usimweleze kiongozi huyo ugonjwa bila ruhusa ya mgonjwa. Na aliyeambiwa aache dawa kwa kuwa ameombewa, usibishane na maombi. Muulize ameruka dozi ngapi, kisha uliza kama yuko tayari kuombewa huku anameza.