Pweza mdogo mwenye pete za buluu: akimng'ata mtu mwambani tufanye nini?

MamaZuhura_Kigombe
Habari zenu wote. Mimi mchokoaji pweza, niko Kigombe, Tanga. Bamvua ikipwa natoka na wenzangu, na siku za likizo binti yangu wa miaka 12 hufuatana nami. Juzi kaonyeshwa video kwenye simu: pweza mdogo wa manjano ana viduara vya buluu mwili mzima, mtalii kamweka kiganjani anamchezea. Chini wameandika kuwa ana sumu ya kuua mtu mzima. Ni kweli? Sisi pweza wanatung'ata, panavimba kidogo, kazi inaendelea. Huyu ana nini cha zaidi? Na kama mtu kang'atwa huko nje mwambani, gari hakuna, zahanati mbali, tumfanyeje?

Sahare_Boti
Dada, mtu akikanyaga yule samaki wa sumu anayejificha kama jiwe, tunamtia mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia na maumivu yanapungua. Nadhani na huyu ni hivyo hivyo.

Mwl_Baiolojia_TA
Mama Zuhura, salaam. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga mjini, na mama yangu alitusomesha kwa pweza wa Mwambani. Swali lako limenigusa. Naanza na la mwisho, maana ndilo la uhai.

Kaka wa Sahare, kwa samaki yule uko sawa kabisa, lakini kwa pweza huyu maji ya moto hayafui dafu. Sumu yake inaitwa tetrodotoksini, na joto haliiharibu. Ndiyo hiyo hiyo ya bunju. Kazi yake ni kuziba njia za sodiamu kwenye neva, kwa hiyo amri ya ubongo haifiki kwenye misuli. Midomo na ulimi vinakufa ganzi, macho hayaoni vizuri, maneno hayatoki, kisha misuli ya kupumulia inasimama. Haya yote yanaweza kutokea ndani ya dakika chache. Na mara nyingi jeraha lenyewe haliumi. Mtu anaweza asijue kabisa kuwa kang'atwa.

Sasa shikeni hili: dawa ya kuipinga sumu hii haipo, lakini mtu hafi kwa sumu kuozesha mwili, anakufa kwa kukosa pumzi. Mkimpulizia pumzi mdomo kwa mdomo bila kuacha, mwili wenyewe unaitoa sumu taratibu, na wengi huanza kupumua tena ndani ya siku moja. Kwa hiyo pokezaneni kumpulizia, njia nzima hadi hospitali yenye mashine ya kupumulia. Mkiona mapigo ya moyo hayapo, mkandamizeni na kifua. Kiungo kilichong'atwa kifungeni kitambaa kwa kukaza na kisitikiswe. Msichanje, msifyonze. Na jamani, msilie juu yake mkisema kafa: amelala kama maiti huku anawasikia. Mwambieni mko naye.

Huyo mnyama ni wa jenasi Hapalochlaena. Anajulikana zaidi kuanzia Japani, Ufilipino na Indonesia hadi Australia. Mimi na mama yangu hatujawahi kumwona kwenye miamba yetu. Vifo vilivyothibitishwa ni vichache mno. Kimoja ni cha Darwin, Australia, mwaka 1954, kijana alimwacha pweza huyo atambae begani kwake. Ndiyo maana hiyo video ya kiganjani inanikera. Hashambulii mtu. Muda mwingi amejificha kwenye vijitundu na rangi yake ni ya mchanga. Zile pete zinawaka akisumbuliwa: misuli inafunua ngozi ya juu, buluu inamulika chini ya sekunde moja. Anamwambia mtu aondoke, na mtu anamsogezea simu!

Mwulize binti yako kama anajua sumu inatoka wapi. Watafiti wengi wanaihusisha na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Imo kwenye tezi za mate, anaitumia kwa kaa na kamba wadogo, anatoboa gamba kwa domo lake mfano wa kasuku. Lakini imo pia kwenye minyiri na hata kwenye mayai. Jike wa spishi ya kusini mwa Australia hutaga mayai 50 hadi 100, huyabeba chini ya minyiri miezi kadhaa bila kula, yakianguliwa naye anakufa.

La kunishangaza zaidi lilichapishwa 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland. Kwa spishi yenye mistari ya buluu, jike ni mkubwa kuliko dume na anaweza kumla. Basi dume anampanda kwa nyuma, anamng'ata karibu na mshipa mkuu wa damu na kumtia sumu. Jike anapauka, anaacha kupumua kwa muda, dume anamaliza haja yake. Jike hafi, nguvu zikimrudia anamsukuma.

MamaZuhura_Kigombe
Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimewasomea wenzangu yote. Kuna mmoja anauliza, akipatikana bahati mbaya ndani ya kapu na wengine, akichemshwa sana si analika?

Mwl_Baiolojia_TA
Hapana, mama. Hata mkimchemsha kutwa nzima sumu inabaki, na imo mwilini mwake kote. Pweza mdogo mwenye pete za buluu msimshike kwa mkono, msimchome chuma, msimtie kapuni. Mwacheni mlipomkuta, na watoto wasogee mbali.

Sahare_Boti
Nimekuelewa, mwalimu. Hiyo ya kupulizia pumzi unaweza kuja kutufundisha kwa vitendo? Mabaharia wengi hapa hatujui.

Mwl_Baiolojia_TA
Nitakuja na muuguzi ninayemfahamu. Chagueni siku ya maji mafu, ili wachokoaji nao wawepo.