Msamaha wa matibabu kwa wazee: uishie kwa daktari au ufike mpaka kwenye pampu ya kifua?

Ndugu zangu naomba tulijadili hili maana kwetu limeshatuchosha. Mama ana miaka 71, hajawahi kushika sigara maishani, ila amepika kwa kuni tangu msichana kwenye jiko lisilo na dirisha. Kifua kilianza kama kikohozi tu, akapewa antibaotiki mara hii mara ile, akapimwa TB hana, mpaka tulipofika hospitali kubwa wakampulizisha kwenye kile kipimo cha pumzi ndo wakasema COPD, yani njia za hewa zimebana na haziwezi kurudi zilivyokuwa, dawa ni za kutuliza.

Sera ya wazee ya 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure na mama kitambulisho anacho. Daktari kweli anamuona bure. Ukifika dirisha la dawa unaambiwa pampu ya kuvuta dawa kifuani hamna, kanunue nje. Na hapo sijagusa nauli ya watu wawili, boda, na dada yangu ambaye kila kliniki lazima afunge genge amsindikize, siku hiyo nyumbani hakiingii kitu. Akibanwa usiku ni kukodi gari, halafu analazwa, anawekewa oksijeni, na kulazwa kwenyewe mara nyingi ni kwa sababu pampu iliisha tukawa tunasubiri hela. Sasa hapo nani kaokoa nini?

Kuna wanaosema hela iende kwenye gesi ya kupikia, tukinge kuliko kutibu. Mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, mimi naunga mkono kabisa, mkwe asije akaumwa kama mama. Lakini gesi ya leo haifungui mapafu yaliyoharibika miaka arobaini iliyopita.

Wengine wanasema huo ni ugonjwa wa wavuta sigara, wajilipie wenyewe. Hili linaniuma. WHO wenyewe wanasema kwenye nchi tajiri sigara ndo inabeba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa, ila kwenye nchi kama zetu ni 30 mpaka 40 tu, moshi wa majumbani nao unachangia sana. Kwa hiyo ukisema wajilipie unamwambia mama aliyekupikia ugali.

Msimamo wangu: pampu ya salbutamol (ya kufungua njia za hewa) na ile ya steroidi (ya kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa) ziwepo mpaka zahanati na mzee azichukue bure, na Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 izibebe bila kumrudisha mtu duka la dawa. Anayepinga aje na hesabu zake. Na manesi na wafamasia mliopo humu, kwenu pampu mara ya mwisho zimeingia lini, na mzee zikiisha mnamwelekeza wapi?