Lundo la mboji la darasa la 4 linanuka

Mwalimu_D4: Walimu wenzangu, lundo letu lina wiki 3, linanuka kama mayai viza na katikati ni baridi. Tunaweka maganda ya matunda na majani mabichi tu. Tumekosea wapi?

Bustani: Hewa haipiti, mwalimu. Kila ndoo 1 ya mabichi iendane na ndoo 2 au 3 za majani makavu. Ligeuzeni leo, kisha kila wiki. Lundo lisilofika mita 1 kila upande halishiki joto.

MamaMiche: Watoto wapime unyevu kwa kukamua konzi moja ya mboji: matone mawili matatu yanatosha. Maji yakichuruzika, ongezeni makavu. Nyama msiweke kabisa, panya watahamia.

Bustani: Chomekeni fimbo ya chuma katikati, dakika 10. Ikitoka na joto, vijidudu viko kazini.