Banarasi, Kanjivaram au Paithani? Sari ya zari kwa Diwali na harusi

MwaliWaTanga
Habari zenu wadau. Nasoma Pune, mwaka wa tatu. Rafiki yangu Mmarathi anaolewa wiki chache baada ya Diwali, na mama yake ameshanionya nisithubutu kutokea na gauni. Nataka sari moja ya hariri yenye zari, zile nyuzi za kung'aa, iliyofumwa kwa mkono, niivae kotekote kisha nirudi nayo nyumbani. Mfukoni nina rupia 20,000. Madukani wananitajia Banarasi, Kanjivaram, Paithani, mpaka kichwa kinauma. Nichukue ipi?

FundiSalma
Kabla ya kuuliza ipi, zoea kuigeuza. Upande wa mbele muuzaji ameshakupangia, wewe soma wa nyuma. Banarasi za Varanasi, kwa mfano: ikiwa ni kadhua, kila ua limefumwa peke yake na nyuma ni safi. Ikiwa ni fekwa, uzi wa zari umepita toka ukingo hadi ukingo, halafu ukakatwa kati ya ua na ua, kwa hiyo utakuta vincha vimesimama kama ndevu za siku mbili. Zote mbili za mkono zipo, ila kadhua inakula muda na bei yake haikamatiki. Tazama pia pembeni kabisa: sari ya mkono mara nyingi huwa na vitundu vya sindano, pale mfumi alipoitanua isijikunje.

MzeeWaChennai
Nimeishi Chennai miaka minne, kwa hiyo nina upande, mnisamehe. Kanjivaram! Nilifika Kanchipuram nikamkuta mfumi na msaidizi wake kwenye kitanda kimoja cha kufumia, vyombo vya kupitishia uzi vitatu: kimoja cha mwili wa sari, viwili vya taraza. Huyu anarusha toka kulia, yule anarudisha toka kushoto. Ule mstari wa meno-meno pale rangi ya mwili inapokutana na ya taraza ndio alama ya korvai, yaani kuunga mwili na taraza kwa kufuma. Kasoro yake ni uzito. Mama alikuja kunitembelea, akaivaa saa tatu tu, akaomba dera lake.

BiKisutu
Mwanangu, harusi ya Wamarathi halafu wanakupeleka Tamil Nadu, kwa wenye Kanjivaram? Paithani ndiyo yao. Asili yake mji wa Paithan, siku hizi nyingi zinafumwa Yeola, upande wa Nashik. Ile pallu, ncha inayoshuka begani, ina tausi au kasuku, na ukiigeuza picha ni ileile, maana kila rangi imeingizwa kwa mkono mahali pake. Kwa fedha yako utapata yenye kazi ndogo. Pallu nzito mwachie mama wa bibi harusi.
Kwetu Wagujarati bibi harusi huvaa gharchola, nyekundu yenye miraba ya zari. Yangu niliifungia na vidonge vya nondo. Nilipoitoa, zari imekuwa nyeusi kama sufuria ya pilau. Yako ifunge kwenye kitambaa cha pamba, ibadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache, na usiipulizie marashi.

MwaliWaTanga
Shikamoo bibi, asante! Na zari yenyewe? Duka moja wameniapia ni dhahabu tupu, rupia 6,000.

FundiSalma
Kwa 6,000? Cheka, aga, ondoka. Zari ya asili ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha, kisha ukapakwa dhahabu. Nyingi inatoka Surat. Kwangua kidogo kwa kucha uzi uliochomoza ukingoni: ndani mara nyingi utaona hariri nyekundu. Ya plastiki inabanduka kama ganda. Ya shaba mimi siikatai, mradi bei nayo iwe ya shaba. Neno zari pwani tunalo tangu enzi za majoho, usikubali kudanganywa nalo. Hariri yenyewe dai lebo ya Silk Mark, ile ya India ya kuthibitisha hariri halisi, au choma uzi mmoja: inanuka nywele zilizoungua, haiyeyuki kuwa kidonge kigumu kama plastiki.

MzeeWaChennai
Nasalimu amri kwenye harusi. Ila joto la Tanga mwezi wa pili, utaitamani sari ya Chanderi. Nayo ina zari, na ni nyepesi kama mtandio.

MwaliWaTanga
Nimetoka madukani Laxmi Road sasa hivi. "Paithani" tatu za kwanza nilizigeuza, nyuma nyuzi zimetapakaa ovyo. Muuzaji akanikazia macho, kisha akaenda ndani akarudi na nyingine bila kuambiwa. Zambarau, taraza ya kijani, kasuku wadogo, nyuma sawa na mbele. 17,500. Zari ya shaba, mwenyewe kakiri.

BiKisutu
Mabruki. Blauzi je? Ipeleke kwa fundi leo hii, wiki ya Diwali mafundi hawapokei kazi. Na wakushonee *fall*, ule ukanda wa pamba wa ndani ya pindo, la sivyo utawakanyagia kasuku wako mlangoni tu.